Kioo Kilichotazama Paa

Haya, nijibuni hili kwanza: gari linalosukumwa, nani analiendesha? Yule aliyeshika usukani, au wale walioinama nyuma yake matope yakiwarukia usoni? Msicheke, jamani. Kwenye barabara ya Luvungi kuja Uvira kulikuwa na mwanaume mzima, baba wa watoto, mwimbaji wa kwaya, aliyelijibu swali hilo kila siku ya kazi, na jibu lake likamlaza mama wa watu hospitalini. Mimi hadi leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Jina lake Gracien. Ni mtoto wa mvuvi wa Uvira, wa mitaa ile ya chini ambako ukilala unasikia ziwa likigonga mawe. Baba yake alimpeleka ziwani mara moja tu. Kijana akatapika tangu nyavu zinashushwa mpaka zinapandishwa, wavuvi wakamwambia mzee, huyu mtafutie barabara, ziwa limemkataa. Ndivyo alivyokuwa shofa. Na barabara, kusema haki, ilimpokea. Alikuwa mwepesi wa salamu, hagombani na abiria, mwanamke mwenye mtoto mgongoni anamshusha mlangoni kwake hata kama si njia. Gari lake lilikuwa jeupe zamani. Kwenye kioo cha nyuma aliandikisha kwa burashi maneno makubwa: MUNGU ANAJUA.

Na kweli, Mungu peke yake ndiye aliyekuwa anajua, maana karatasi ya kontrole tekniki ilikuwa imekwisha muda wake, karibu mwaka mzima.

Shofa yeyote wa kwetu anaijua karatasi hiyo. Unalipeleka gari, wanakagua freni, taa, matairi, vioo, wanakupa karatasi yenye tarehe. Tarehe ikipita, gari halina ruhusa ya kutembea barabarani, hata likiwa linang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Na la Gracien halikuwa linang'aa. Freni ya mkono ilikufa kwenye mvua za mwaka uliopita. Ukiivuta inakuja juu nyepesi tu, haishiki kitu. Freni ya mguu ilitaka kuamshwa: unakanyaga mara ya kwanza inazama, unakanyaga tena ndipo inakumbuka kazi yake. Gracien alijua mkaguzi akikanyaga pale mara moja tu, atatikisa kichwa. Basi akajisemea, nitatengeneza kwanza, wiki ijayo, halafu nilipeleke. Lo! Wiki ijayo ya shofa haina Jumatatu.

Sasa sikieni akili aliyoitumia. Kabla ya kuingia Kavimvira kuna daraja. Tambarare yote ile ni bapa, lakini hapo barabara imeinuliwa, unapanda kidogo, unavuka, unashuka, na upande wa pili ndiyo bariyeri ya polisi wa roulage, wale wa barabarani. Gracien akifika chini ya mwinuko anazima moto. "Wazee, mama zangu, tushuke, tusukume." Abiria waliomzoea walikuwa wanaanza kukunja suruali tangu mbali. Wanasukuma, wanaimba, wanalivusha gari daraja, wanalipitisha mbele ya polisi, na yeye ametoa mkono dirishani kwa adabu zote:

"Shefu, minye siko naendesha. Gari iko inasukumwa tu, inaenda garaje."

Polisi wa pale alikuwa Ezéchiel, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuwa anaangalia gari, anaangalia wanaosukuma, halafu anageukia upande wa ziwa kama vile ameitwa. Gari likishapita bariyeri, Gracien anatia gia, anaachia, moto unawaka, watu wanapanda wakicheka mpaka machozi. Kila siku! Gari bovu kila siku, mahali palepale!

Na alikuwa na sheria yake kichwani, akiifundisha abiria kama mwalimu wa katekisimu. "Sheria inakataza kuendesha," anasema. "Moto ukizimwa, gari iko kama kabati. Muntu anayehamisha kabati barabarani, weye unamuomba karatasi ya kontrole?" Watu wanapiga makofi. Mmoja tu hakupiga, mzee Hatungimana, mchuuzi wa mchele wa Luvungi, ambaye kazi yake wakati wa kusukuma ilikuwa kutembea na jiwe, gari likisimama aliweke nyuma ya gurudumu. Huyo alimjibu siku moja, "Kabati haina magurudumu, mwanangu." Gracien akacheka sana. Alilipenda jibu hilo, akalisimulia mpaka nyumbani.

Nyumbani kwake alikuwako Ninahazwe, mke wake, binti wa Luvungi, wa wale watu wa tambarare wanaosema Kirundi. Na hapa ndipo hadithi yenyewe ilipo, msinikimbie.

Mama wa Ninahazwe aliitwa Apollinarie. Kwao mama mkwe ni mabukwe, na mabukwe si mtu wa kuchezewa. Mukwe, mume wa binti, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hamkuti amelala. Siku hizi wengi wameziacha hizo, utaona mtu anapiga picha na mama mkwe wamekumbatiana kama wachezaji wa mpira. Apollinarie hakuziacha. Na Gracien, kwa kuwa yeye ni mtu wa ziwani, si wa kwao, na siku ya posa wajomba walinung'unika kwamba hawa watu wa Uvira hawana aibu, aliapa moyoni kwamba atawashinda wote kwa heshima. Akawashinda kweli. Akimsalimu mabukwe, macho yako miguuni. Kwa miaka yote ya ndoa alimjua kwa viatu vyake: ndara za bluu za shambani, makubadhi ya kanisani, zile raba za mvua.

Apollinarie alikuwa akija Uvira mara kwa mara kuona wajukuu, na hawezi kupanda gari la mwingine mukwe akiwa na lake. Anakaa nyuma kabisa, kona ya kulia, kuku kwenye kapu miguuni. Basi Gracien akaona tatizo: kioo kile cha katikati cha kutazamia nyuma, akiinua macho tu, uso wa mabukwe huo hapo! Aibu gani hiyo? Akatafuta dawa. Kila alipompakia, kabla ya kuwasha moto, ananyoosha mkono anakigeuza kioo juu, kikatazama paa. Apollinarie aliona, hakusema kitu. Lakini kule Luvungi alisema. Alisema kwa majirani, kanisani, shambani, "Mukwe wangu ananigeuzia kioo." Wanawake wakashika mdomo. Huyo wa ziwani? Mwenye heshima hivyo? Wajomba wakafuta maneno yao.

Na wakati wa kusukuma, Apollinarie hashuki. Wanashuka wote, anabaki peke yake ndani, mikono mapajani, kama malkia. Ni lini uliona mabukwe anasukuma gari la mukwe? Luvungi nzima ingecheka mpaka ianguke.

Siku yenyewe alikuwa anakuja kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wake Divine. Alivaa viatu vipya vyeusi, vyenye kisigino kidogo na soli laini. Mvua ilikuwa imepiga milimani usiku kucha, maji yakaleta udongo juu ya lami. Abiria walikuwa wachache, walimu wawili wanaume na mzee Hatungimana. Wakafika chini ya mwinuko, Gracien akazima moto. "Wazee, ile kazi yetu."

Watatu wakashuka. Watatu tu, na udongo ule! Gari likapanda kidogo kidogo, bila wimbo. Apollinarie akageuza shingo, akaona kupitia herufi za MUNGU ANAJUA: mzee Hatungimana, mtu wa rika la marehemu mume wake, anateleza, anapiga magoti matopeni, anainuka, anateleza tena. Moyo ukamshinda. Mimi namwelewa, nani angekaa? Akafungua mlango polepole, ule wa kulia, ambao kufuli lake lilikuwa limefungwa kwa mpira na haukupiga kelele hata kidogo. Akashuka. Akazunguka nyuma, akakunja kitenge, akaweka bega.

Hatungimana alitoa macho. "Mama, hapana! Rudi ndani!"

Apollinarie akaweka kidole mdomoni. "Nyamaza, mzee. Mukwe asijue. Atasikia haya."

Mungu wangu! Yeye kule mbele hamtazami asije akamwaibisha, na huyu huku nyuma anajificha asije akamwaibisha. Heshima juu ya heshima, na katikati yake kuna gari lisilo na freni.

Karibu na kilele walimu wakaishiwa pumzi. "Tupumzike!" wakapiga kelele. Gracien akakanyaga freni. Ikazama, kama kawaida. Akakanyaga ya pili. Moto ukiwa umezimwa na mguu umeshakanyaga kanyaga toka chini, freni ikawa ngumu kama mwamba, haisogei, haishiki. Akavuta ya mkono. Ikaja juu nyepesi. Nyuma Hatungimana akatupa jiwe lake, jiwe likateleza kwenye udongo kama sabuni, gurudumu likalisukuma pembeni.

Gari likaanza kurudi.

"Rukeni!" Gracien akapiga kelele. "Rukeni pembeni!" Na walimu wakaruka, na Hatungimana akaruka, maana kila mtu wa gari lile alijua, likirudi hulibishii, unaruka. Kila mtu isipokuwa mmoja. Yeye alikuwa hajawahi kusukuma. Nani angemfundisha? Alisikia uzito unamjia, akafikiri mukwe wake yumo ndani na mto uko chini ya daraja, akakaza bega.

Na Gracien, nisikilizeni vizuri, Gracien kule mbele alikuwa anahangaika na usukani huku akisema kwa sauti ya upole, bila kugeuka, "Usiogope, mama. Kaa hivyo hivyo, usiogope." Alikuwa anaongea na kiti kitupu!

Gari likaenda likagota kwenye ukuta mdogo wa daraja. Halikugota kwa kishindo. Lilikaa tu, taratibu, kama mtu aliyechoka. Gracien akashusha pumzi, akamshukuru Mungu. Akatoka, akazunguka mpaka mlango wa nyuma ampe mabukwe pole. Akainamisha kichwa kama alivyozoea, macho chini, akafungua, akatafuta vile viatu vipya vyeusi.

Hakukuwa na viatu. Kuku alikuwa kwenye kapu lake. Miguu haikuwapo.

Ndipo aliposikia Hatungimana analia. Mmewahi kumsikia mzee wa vile akilia? Msiombe.

Ezéchiel alikuja mbio kutoka bariyeri, kofia ikaanguka njiani hakuiokota. Wakalisukuma gari mbele, wote, mara hii kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi. Mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti, sitausema ulivyokuwa. Apollinarie hakupiga kelele. Alisema tu kwa Kirundi, "Yampaye inka," neno la kwao la mshangao, kama anayeshangaa mvua, halafu akavuta kitenge akafunika mguu ili mukwe asiuone.

Hospitalini dokta alisema atajaribu. Akasema mguu unaweza kupona, unaweza kukatwa, wampe usiku mmoja aone damu kama inafika chini. Hayo ndiyo yaliyobaki kungojwa: mguu wa mama anayelima mpunga kwa miguu yake.

Gracien hakuingia. Angeingiaje? Mabukwe amelala kitandani, nguo ya hospitali haifuniki kitu. Alikaa nje chini ya dirisha la wodi ya wanawake, mgongo ukutani. Watu wanampa maji, anashika kikombe, anakisahau mkononi. Asubuhi Ninahazwe akatoka, macho yamevimba, akasimama mbele yake.

"Gracien, nieleze. Mama yangu ni muntu, ana mwili. Alifungua mlango, akashuka, akazunguka gari. Weye uliangalia wapi?"

"Niligeuza kioo."

"Ulifanya nini?"

"Kioo. Nilikigeuza juu. Kwa heshima."

Ninahazwe akacheka, kicheko kibaya cha mtu anayetaka kupiga. "Hata karatasi ya kontrole hukuiheshimu," akasema, "ukaenda kuheshimu kioo." Akarudi ndani.

Mchana Ezéchiel akaja na daftari la kazi kuchukua maneno ya majeruhi. Alipita pale chini ya dirisha bila kumsalimu Gracien. Dirisha lilikuwa na wavu tu, na kila neno lilitoka nje.

"Mama, pole. Nitakuuliza kidogo. Gari lile lilikuwa linaendeshwa na nani?"

Ikatoka sauti ya Apollinarie, dhaifu, lakini imepangwa, kama mtoto anayesoma somo alilokariri:

"Hakuna muntu aliyekuwa anaendesha, shefu. Gari ilikuwa inasukumwa tu, inaenda garaje."

Gracien akageuza kichwa kuelekea dirishani. Maneno yake! Maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, yaliyokaa kwenye kona ya nyuma safari zote zile yakisikilizwa na mwanamke ambaye hajakosa misa tangu azaliwe!

"Mama," Ezéchiel akasema, "nani alikuwa kwenye usukani?"

"Minye ndiye nilisukuma. Hakuna aliyeniambia. Nilisukuma vibaya. Kosa ni yangu." Akapumua. "Binti yangu iko na watoto, shefu. Andika hivyo."

Sasa fikirini. Huyu mtu aliyekuwa nje, alichohitaji ni kukaa tu. Kukaa chini ya dirisha, kunyamaza, basi. Mwenyewe amesema! Mashahidi ni abiria wake, watasema walichozoea kusema. Hakuendesha mtu. Kabati lilihamishwa, likamwangukia mama. Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. Haya, kilio ndicho hicho kimefika, na kimekuja na mlango wa kutokea.

Gracien akainuka. Akatembea mpaka mlango wa wodi ya wanawake. Akaingia.

Mayowe yaliyopigwa! Wanawake walivuta mashuka. Ninahazwe akaruka akasimama katikati, mikono imetandazwa. "Gracien! Unaingia wapi? Mama amelala! Una wazimu?" Hata Ezéchiel, ambaye si wa kwao, alijua anachokiona na akasimama kalamu mkononi. Na Apollinarie, maskini, akalivuta shuka mpaka usoni kwa mikono yote miwili, na kwa chini mguu ule ukabaki wazi.

Gracien hakuangalia sakafu. "Aliyekuwa anaendesha ni minye," akasema. "Leo, jana, mwaka mzima. Nilikuwa kwenye usukani, minye ndiye shofa. Karatasi ya kontrole sina. Freni ya mkono imekufa, ya mguu inazama, nilijua. Andika hiyo, shefu. Mama anasema uongo, na uongo huo ni minye nilimfundisha."

Ezéchiel hakuandika. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kingine, akaweka daftari magotini, akajipangusa uso kwa kiganja. "Unafikiri sikujua?" akasema polepole. "Gari gani linaharibika kila siku mahali pamoja? Nilijua, Gracien. Nilisema moyoni, ana watoto, na gari linalosukumwa linakwenda polepole, halitaua muntu." Akafungua daftari. "Nitaandika na yangu pia."

Alijua! Jamani, alijua! Abiria walijua, polisi alijua, mzee wa jiwe alijua, na nyuma ya gari iliandikwa kwamba Mungu anajua. Aliyekuwa hajui kitu ni yule mmoja aliyeweka bega.

Kutoka chini ya shuka sauti ikasema, "Ninahazwe, mwambie mukwe atoke. Nimevaa vibaya."

"Natoka, mama," Gracien akasema. "Lakini nitazame kwanza. Sijawahi kukutazama."

Shuka halikusogea. Halafu likashuka kidogo, mpaka chini ya macho. Na Gracien akamwona, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. Alikuwa na macho ya Ninahazwe, yaleyale, na kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania. Miaka yote alimheshimu mzee wa miguu mikubwa, kumbe ni mwanamke mwembamba aliyekuwa akimwogopa yeye vilevile. Alilia palepale, mbele ya wodi nzima, bila kuziba uso.

Jioni ile mguu ulikatwa. Damu haikufika chini.

Gracien alilala ndani kwa polisi siku kadhaa, akatoka, akasimama mbele ya wakubwa, akanyang'anywa permi yake ya kuendesha kwa muda. Gari liliambiwa lisiwashwe moto hata mita moja. Lipelekwe kwenye uwanja wa kizuizi vivyo hivyo. Akalisukuma. Ezéchiel alishika usukani, Hatungimana akatembea na jiwe, na Gracien kwa mara ya kwanza katika maisha yake akainama nyuma ya gari lake mwenyewe. Kwenye mwinuko wa daraja lilimrudia kidogo, shubiri moja tu, kabla ya jiwe kushika. Hakuruka. Alisimama pale, uso kwenye herufi za burashi, mpaka Ezéchiel alipomwita mara ya pili.

Muda ulikwenda, mpunga ukapandwa na kuvunwa na watu wengine. Gracien alibeba mizigo bandarini Kalundu, ziwa lile lile lililomkataa. Gari likapata freni mpya, ya mkono na ya mguu, na siku lilipokaguliwa mkaguzi alikanyaga mara moja likasimama kama limegongewa msumari. Likapewa karatasi. Watu wa kwaya walimpa mkono, yeye hakucheka.

Pasaka mabukwe akaitwa Uvira. Gracien alimfuata Luvungi mwenyewe. Alifungua mlango wa nyuma, kufuli jipya likalia, akainamisha kichwa kwa mazoea, akaona kiatu kimoja cheusi na ncha za magongo mawili. Akaufunga mlango. Akakaa kwenye usukani, na mkono, huo mkono mjinga, ukapanda wenyewe kwenda kwenye kioo.

"Kiache," sauti ya nyuma ikasema.

Akakiacha. Wakapita Sange, wakapita mashamba ya mpunga, wakafika mwinuko wa daraja. Abiria mmoja alianza kukunja suruali, akakumbuka akaiachia. Gari likapanda kwa moto wake, likavuka. Kwenye bariyeri Ezéchiel alinyoosha mkono. Akaomba karatasi. Akaisoma mbele na nyuma, akasoma tarehe, akalinganisha namba, akakagua taa, akamwambia akanyage freni mbele yake. Kisha akainama kwenye dirisha la nyuma, akavua kofia, akawafungulia.

Gracien hakuondoka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo. Mabukwe alikuwa mle ndani yake, mzima, uso wote, kovu juu ya nyusi, kilemba cha Pasaka, na yeye anamtazama, hawezi kuacha kumtazama, magari ya nyuma yanapiga honi.

"Umeniona, mukwe," Apollinarie akasema. "Sasa angalia barabara."